Doa Jeusi la Bwana Marsh

Asubuhi moja ya Novemba 1833, katika shamba lililokuwa Plumstead, nje kidogo ya London, watu wa nyumba ya mzee George Bodle walikunywa kahawa yao kama siku zote. Haukupita muda wakaanza kutapika, matumbo yakiwakata. Wengine walipata nafuu. Mzee mwenyewe, aliyekaribia miaka themanini na aliyekuwa na mali ya kutosha kuwatoa warithi udenda, alifariki siku chache baadaye. Minong'ono ikamwelekea mjukuu wake, John, ambaye mwuza dawa mmoja alikumbuka kumuuzia aseniki.

Kununua aseniki siku hizo hakukuwa kosa wala jambo la kushangaza. Unga mweupe, usio na ladha ya kumshtua mlaji, uliuzwa kwa senti chache kwa ajili ya panya. Chumvi zake zilitia rangi ya kijani kwenye karatasi za ukutani. Aliyelishwa unga huo alitapika na kuharisha, na katika miaka ambayo kipindupindu kilikuwa ndiyo kwanza kimeingia Uingereza, daktari aliyeitwa kitandani hakuwa na sababu kubwa ya kuwaza jambo jingine. Wafaransa waliuita unga wa urithi, na jina hilo halikutungwa kwa mzaha.

Majaji walikuwa wamekwisha kuhangaika na sumu hii kwa muda mrefu. Mwaka 1752 Mary Blandy alihukumiwa kunyongwa mjini Oxford kwa kumuua baba yake, na sehemu ya ushahidi ilikuwa ya daktari Anthony Addington, aliyeutupa unga ulioshukiwa juu ya chuma cha moto na kunusa harufu ya vitunguu saumu. Pua ya daktari mmoja ilitosha. Baadaye wakemia wa Ujerumani na Sweden walisonga mbele: Carl Wilhelm Scheele aligundua mwaka 1775 kwamba aseniki inaweza kugeuzwa gesi, naye Valentin Rose, mwaka 1806, alionyesha namna ya kuitafuta katika tumbo la maiti. Lakini mbinu hizi zilibaki mikononi mwa wachache, na zilidai sumu nyingi kuliko kiasi ambacho muuaji mwangalifu angetumia.

Kwa kesi ya Bodle, mahakimu walimwendea mkemia wa ghala la silaha la Woolwich, James Marsh. Alikuwa fundi wa mizinga na baruti zaidi ya kuwa mtaalamu wa sumu, na alikuwa amewahi kuwa msaidizi wa Michael Faraday katika chuo cha kijeshi cha hapo hapo. Alipewa kahawa na vitu vilivyotolewa tumboni mwa marehemu. Alivipitishia gesi yenye harufu ya mayai viza, na masalia ya rangi ya manjano yakatokea, kama inavyotarajiwa aseniki ikiwemo. Marsh aliridhika. Juri ya Maidstone haikuridhika. Hadi kesi iliposikilizwa mwezi Desemba, masalia yale ya manjano yalikuwa yameharibika, na wale watu kumi na wawili, wengi wao wasiojua hata maana ya neno kemia, walitakiwa kuamini kitu ambacho hawakukiona. John Bodle aliachiwa huru, na watu wakamshangilia. Miaka kadhaa baadaye, alipokamatwa kwa makosa mengine na hakuweza tena kushtakiwa kwa lile la kwanza, alikiri kwamba ndiye aliyemuua babu yake.

Marsh alikuwa ameshakasirika zamani kabla ya ungamo hilo. Alichokitaka kilikuwa kipimo ambacho mkulima wa Kent angeweza kukishika mkononi na kukitazama, nacho kisioze kikisubiri hakimu. Mwaka 1836 alikitangaza katika jarida la kisayansi la Edinburgh. Kwenye chombo cha kioo aliweka kipande cha zinki na asidi ya salfuriki, ambavyo vikikutana hutoa haidrojeni, kisha akaongeza kitu kilichoshukiwa. Kama kina aseniki, hata chembe, haidrojeni hujiunga nayo na kutoka ikiwa gesi. Gesi hiyo ikiwashwa kwenye mdomo wa neli nyembamba na kipande cha kauri baridi kikashikwa mbele ya mwali, aseniki huganda juu ya kauri na kuwa doa jeusi linalong'aa mithili ya kioo. Doa hilo hubaki. Linaweza kufungwa katika karatasi, likatiwa muhuri na kupelekwa mahakamani. Kwa mikono mizuri, hata sehemu mbili hivi za mia za miligramu zilionekana.

Marsh alipewa medali kubwa ya dhahabu ya Chama cha Sanaa cha London, akarudi Woolwich kwenye mshahara wake mdogo, na alipofariki mwaka 1846 familia yake ilibaki katika ufukara.

Miaka minne baada ya tangazo lake, kipimo hicho kilipelekwa katika jukwaa ambalo Ulaya nzima ilikuwa ikilitazama. Charles Lafarge, mwenye tanuri la kuyeyusha chuma huko Le Glandier, kusini-kati mwa Ufaransa, alifariki Januari 1840 baada ya kuugua tangu alipokula keki aliyotumiwa na mkewe akiwa Paris. Mke huyo, Marie, mwenye umri wa miaka 24, alikuwa binti wa tabaka la juu aliyeolewa kwa kudanganywa kwamba anakwenda kuishi katika kasri, akakuta nyumba ya zamani iliyojaa panya. Alinunua aseniki kwa ajili ya panya hao, au ndivyo alivyosema. Mgeni mmoja wa nyumba hiyo alimwona akikoroga unga mweupe katika kinywaji cha mgonjwa.

Kesi ilianza Septemba katika mji wa Tulle, na wakemia wakaanza kupishana. Wa kwanza, kutoka Brive, walitumia mbinu za kizamani na wakadai wameona aseniki, lakini neli yao ilipasuka katikati ya kazi. Wa pili, kutoka Limoges, walitumia kifaa cha Marsh ambacho hawakuwa wamekizoea, nao wakasema mwilini hamna kitu. Ukumbi ukalipuka kwa furaha. Maiti ikafukuliwa, viungo vikachemshwa nje ya mahakama, harufu ikazagaa hadi ndani. Bado hamna kitu. Ajabu ni kwamba katika mabaki ya chakula na kinywaji waliikuta aseniki nyingi.

Hapo upande wa mashtaka ukamwita Mathieu Orfila kutoka Paris. Alizaliwa Menorca mwaka 1787, akaandika kitabu kikubwa cha sumu akiwa hajafikisha miaka thelathini, na sasa alikuwa mkuu wa kitivo cha tiba cha Paris. Alifunga milango, akaweka walinzi, na akawataka wakemia wote waliomtangulia wasimame pembeni watazame. Alirudi mahakamani na majibu yaliyopangwa vizuri: mwilini mwa Lafarge mna aseniki, haikutoka katika vitendanishi alivyotumia, haikutoka katika udongo uliozunguka jeneza, wala si aseniki ambayo mwili wa mtu huwa nayo kwa kawaida. Marie alihukumiwa kifungo cha maisha na kazi ngumu. Napoleon III alimwachia mwaka 1852, na mwaka huo huo akafa.

Ninapoisoma kesi hii, doa jeusi linanivutia kidogo kuliko mambo matatu ambayo Orfila aliyakanusha. Alijua wapi atashambuliwa. Yeye mwenyewe muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ametangaza kwamba mifupa ya watu wenye afya ina aseniki, na dai hilo lilikuja kumfedhehesha akalazimika kuliacha. Na François-Vincent Raspail, mkemia na mwanamapinduzi ambaye watetezi wa Marie walimwita aje Tulle lakini akafika hukumu imeshasomwa, alidai kwa kejeli kwamba angeweza kupata aseniki hata katika kiti cha jaji. Kejeli hiyo ilikuwa na kiini cha kweli. Zinki iliyochimbwa ardhini mara nyingi huja na aseniki yake. Mtu anayetumia zinki chafu atamkuta muuaji katika kila nyumba.

Waingereza walijifunza hilo kwa gharama. Mwaka 1841 Mjerumani Hugo Reinsch alileta kipimo chepesi zaidi: unachovya kipande cha shaba katika asidi yenye sampuli iliyochemka, na aseniki ikiwepo hujipaka kwenye shaba kama ngozi ya kijivu. Hakuna gesi, hakuna mwali. Mpenzi mkubwa wa kipimo hiki alikuwa Alfred Swaine Taylor, mtaalamu wa sumu aliyeheshimiwa kuliko wote nchini humo. Mwaka 1859 aliitwa katika kesi ya daktari Thomas Smethurst, aliyeshtakiwa kumuua mwanamke aliyemwoa huku akiwa na mke mwingine. Taylor alipima chupa iliyokutwa nyumbani na kuapa mbele ya hakimu kwamba ina aseniki. Baadaye ikabainika kwamba chupa ilikuwa na klorati ya potasiamu, dawa inayoila shaba. Shaba ilipoyeyuka, ikatoa aseniki iliyokuwa ndani yake yenyewe. Aseniki ya chupani ilikuwa imeingizwa na mpimaji.

Taylor alikiri mahakamani, na juri ikamtia Smethurst hatiani hata hivyo. Madaktari wa London walipiga kelele magazetini, waziri wa mambo ya ndani akaomba ushauri wa daktari mpasuaji Benjamin Brodie, na Smethurst akasamehewa kosa la mauaji kisha akafungwa kwa kuoa wake wawili. Alipotoka gerezani alikwenda mahakamani kudai wasia wa marehemu, na akaupata. Tangu hapo hakuna maabara yenye heshima inayotoa jibu la metali bila kupima kwanza vitendanishi vyake vitupu, bila sampuli. Mtaalamu wa maabara wa leo hufanya hivyo kila asubuhi, na sidhani wengi wao wamewahi kusikia jina la Smethurst.

Hadi hapo historia ilikuwa ya maiti moja moja na mashtaka ya mahakamani. Mwaka 1900 ilibadilika.

Katika majira ya joto na vuli ya mwaka huo, hospitali za Manchester na miji jirani zilijaa watu waliokufa ganzi miguu, waliobabuka ngozi ikawa nyeusi, wasioweza kutembea bila kushikwa. Wengi walikuwa maskini, na wengi walikuwa wanywaji. Kwa hiyo jibu lilikuwa tayari: pombe imeharibu neva. Kwa miezi kadhaa watu waliandikiwa ugonjwa huo, wakahubiriwa, wakarudishwa nyumbani. Daktari Ernest Reynolds ndiye aliyekwama kwenye jambo dogo. Walevi wa pombe kali, waliokunywa kupita wote, hawakuwa wakiugua hivi. Waliougua walikuwa wanywaji wa bia, tena wengine wa kiasi tu. Alichukua bia, akaipima kwa njia ya Reinsch na ya Marsh, na mwezi Novemba akaipata aseniki.

Nyayo zilifuatiliwa kwa urahisi. Bia ilitengenezwa kwa sukari ya bei nafuu kutoka kiwanda kimoja cha Liverpool. Sukari hiyo hupatikana kwa kuvunja wanga kwa asidi ya salfuriki. Asidi ilitoka Leeds, na ilichomwa kutoka mawe ya pairiti yenye aseniki. Watu 6,000 hivi waliugua, na vifo 70 hivi vilihesabiwa. Serikali iliunda tume chini ya Lord Kelvin, mwanafizikia ambaye jina lake tunalitumia kupimia joto, na mwaka 1903 ikapendekeza kikomo cha aseniki katika vyakula vya majimaji: sehemu moja ya mia ya grein kwa galoni, yaani kama mikrogramu 140 kwa lita. Shirika la Afya Duniani leo linashauri maji ya kunywa yasizidi 10.

Kipimo cha kuikamata bia ile kilikuwepo tangu miaka sitini na nne. Kemia yake ilikuwa ikifundishwa shuleni. Kilichokosekana Manchester ni mtu wa kushuku, na mtu huyo alipopatikana kazi yote ilikwisha katika wiki chache.

Karne ya ishirini iliongeza macho. Max Gutzeit alikuwa tayari mwaka 1879 ameibadili kemia ya Marsh ikawa karatasi iliyolowekwa kemikali, inayobadilika rangi gesi ya aseniki inapoigusa. Mwaka 1955 Alan Walsh wa Australia alionyesha namna ya kupima metali kwa kuangalia ni mwanga upi atomu zake zinaumeza katika mwali. Mwaka 1980, huko Iowa, Robert Houk, Velmer Fassel na Alan Gray walizichoma sampuli katika gesi ya agoni yenye joto la maelfu ya digrii na kuzihesabu atomu kwa uzito wake. Mashine za namna hiyo ndizo zilizomo katika maabara kubwa leo, na kwa tone dogo la damu au mkojo zinasoma aseniki, risasi, zebaki na kadimiamu kwa pamoja.

Lakini kupata namba ni jambo moja, na kuielewa ni jingine. Aseniki haikai katika damu. Baada ya saa chache imeshahamia kwingine, kwa hiyo daktari huomba mkojo. Akitaka kujua ya miezi iliyopita hukata nywele au kucha, maana aseniki hunasa katika protini yake na kubaki humo kucha inavyokua. Risasi ni kinyume: kwake damu ndiyo kipimo, kwa sababu hujibandika kwenye chembe nyekundu, huku sehemu kubwa ikijificha mifupani kwa miaka. Zebaki inategemea aina: ile ya samaki hutafutwa katika damu au nywele, ile ya mvuke ya wachimbaji wa dhahabu hutafutwa katika mkojo. Na watu wa pwani yetu wanapaswa kujua hili: aliyekula kamba, kaa au samaki jana usiku anaweza kuonyesha aseniki ya kutisha katika mkojo wake leo, na isiwe na madhara yoyote. Viumbe wa baharini hubeba aseniki katika umbo ambalo mwili hulipitisha tu. Ndiyo maana maabara makini humtaka mtu aache vyakula vya baharini kwa siku kadhaa kabla ya kupimwa, au hutenganisha aina za aseniki kabla ya kuzipima. Asiyeulizwa alichokula atapewa sumu kwenye karatasi.

Mashine hizo zote zilikuwa tayari duniani wakati kosa kubwa kuliko yote lilipokuwa likitendeka katika delta ya Ganges.

Tangu miaka ya 1970, Bangladesh ikisaidiwa na UNICEF ilikuwa ikichimba visima vya pampu za mkono ili watu waache kunywa maji ya mabwawa yaliyowaua watoto kwa kuhara. Maji ya visima yalikuwa safi machoni, baridi, yasiyo na vijidudu. Hakuna aliyeyapima aseniki. Chini ya delta ile mna matope yaliyoshuka kutoka Himalaya kwa maelfu ya miaka, yenye kutu ya chuma iliyoshika aseniki. Pale penye ukosefu wa oksijeni kutu hiyo huyeyuka na kuiachia majini. Mwaka 1983 daktari wa ngozi wa Kolkata, K. C. Saha, alianza kuwaona wagonjwa wa Bengal Magharibi wenye madoa kifuani na viganja vigumu vyenye vinundu. Aliitambua aseniki na kuielekeza kwenye visima. Dipankar Chakraborti wa Chuo Kikuu cha Jadavpur aliendelea kuizungumzia kwa miaka mingi, mara nyingi bila kusikilizwa. Upande wa pili wa mpaka, aseniki ilithibitishwa mwaka 1993. Mwaka 2000 Allan Smith na wenzake waliandika katika jarida la Shirika la Afya Duniani kwamba huu ni uwekaji sumu wa watu wengi kuliko wowote katika historia, na kwamba kati ya watu milioni 35 na 77 walikuwa hatarini.

Inauma zaidi kujua kwamba maji yale yalikuwa yamewahi kupelekwa maabara. Mwaka 1992 taasisi ya jiolojia ya Uingereza ilikuwa imechunguza sampuli za visima vya Bangladesh na kupima orodha ndefu ya elementi. Aseniki haikuwemo katika orodha. Mwanakijiji mmoja aliyeugua aliishtaki taasisi hiyo katika mahakama za Uingereza, na kesi ikafika hadi kwa majaji wa Baraza la Mabwana mjini London mwaka 2006. Waliitupa. Kwa maelezo yao, taasisi ile haikuwa na mamlaka juu ya maji ya wanakijiji wala wajibu kwao kwa kipimo ambacho haikuombwa kukifanya. Kisheria huenda walikuwa sahihi. Mimi siwezi kuisoma hukumu hiyo bila kukunja uso.

Serikali ya Bangladesh na wafadhili ilibidi waende kisima kwa kisima. Vijana na wanawake wa vijiji walifundishwa kutia maji katika chupa, kuongeza asidi na zinki, kufunika kwa kifuniko chenye karatasi ya zebaki, kusubiri, kisha kulinganisha rangi na kadi. Zinki, asidi, gesi: ni kazi ile ile ya Woolwich, ikifanywa uani kando ya kuku. Katika miaka michache ya mwanzo wa karne visima karibu milioni 5 vilipimwa. Vilivyozidi mikrogramu 50 kwa lita, kikomo cha nchi hiyo, vilipakwa rangi nyekundu. Vilikuwa kama milioni 1.4. Vya salama vilipakwa kijani.

Kwetu, neno Bangladesh ni jina pia la mtaa wa mabanda mjini Mombasa, na liliingia katika historia hii kwa njia ya ajabu. Sehemu nyingine ya mji huo huo, katika Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007. Phyllis Omido, aliyeajiriwa humo, alimwona mtoto wake mchanga akiugua. Walimtibu kwa kushuku malaria na homa ya matumbo, magonjwa ambayo kila zahanati inajua kuyatafuta. Damu ilipopimwa risasi ndipo sababu ilipojulikana. Omido alianza kudai wengine wapimwe, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata alipewa tuzo ya Goldman.

Mwaka 2015 watafiti walipima watoto wadogo wa Owino Uhuru na, kwa kulinganisha, wa mtaa wa Bangladesh. Wastani wa risasi katika damu ya wa kwanza ulikuwa mikrogramu 7.4 kwa desilita. Wa pili 3.7. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 na udongo usafishwe ndani ya miezi minne, nayo serikali ikakata rufaa.